Karatasi ya Papa Anaclet ilipigwa pasi

Eulalie, acha kutwanga sombe kwanza, usome. Nimetoka misa sasa hivi, mbavu zinaniuma.

Papa Anaclet, muzee wetu kipofu, leo alipaswa kusoma Neno kwa vidole, kwenye ile karatasi yake nzito yenye vidoti vya kusimama. Abbé, padri wetu, alisema akisoma vizuri, atakuwa musomaji wetu kila dimanche, siku ya misa.

Akapanda mimbarini. Akapapasa juu, akapapasa chini, sawa mutu anatafuta chawa. Halafu akasema, "Hapa hamuna kitu."

Hamuna kitu, Eulalie. Mbele ya kanisa nzima. Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuwapita. Abbé akamutoa karatasi mikononi, akasoma mwenyewe mu kitabu chake.

Sasa sikia. Jana nilienda kwa Papa Anaclet kuomba makaa. Nikakuta bibi yake wa ndoa, Nsimire, anapiga ile karatasi pasi ya moto pamoja na shati ya misa. Eti iko na mapele, bwana yake asipate haya. Vidoti vyote vikalala. Niliona, nikanyamaza. Nilitaka kuona dimanche itakuwa namna gani.

Kwa kurudi nilikuwa nyuma yao. Muzee akauliza, "Nsimire, vidole vyangu vimekufa?"

Nsimire akageuka, akaniona. Akamujibu, "Ni uzee, papa. Usiguse tena zile karatasi."

Muzee akaficha mikono mu mifuko ya koti. Na mimi nikamusalimia vizuri, nikapita.