Nilikuja Kulelewa, Sasa Naomba Kulea

Flemingdon Park, Toronto

Kwako mume wangu, Baba Iddi,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta umeshameza dawa yako ya presha, na kama hujameza, iweke chini kwanza ukameze. Goti linaendeleaje? Yule mbuzi mwenye pembe moja keshazaa, au bado anatuzungusha? Bati la jikoni ulilosema limepeperushwa na upepo umelipigilia, au unangoja mvua ikukumbushe? Sisi huku wazima kwa uwezo wake Mola. Mjukuu wako Yusufu kikohozi kimekwisha. Salma anakua, viatu vya mwaka jana havimwingii tena. Mimi nina nguvu zangu, ila bega la kulia linaniuma, na sababu yake utaisoma humu.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu imenishinda. Nikikupigia unakata. Nikikutumia sauti unalisikilizisha baraza zima, hata muuza kahawa ana maoni juu yangu. Karatasi haikatiki. Nimempa dada mmoja wa Morogoro anayekuja likizo, na nimemwapisha akuwekee mkononi mwako na si mwa mtu mwingine.

Umeniambia nimemuuza mwanangu kwa Wazungu. Umesema nifute ushahidi nirudi nyumbani, la sivyo talaka yangu iko tayari. Sawa, nimesikia. Sasa nawe kaa kitako unisikie, maana mpaka leo umesikia ya Iddi tu.

Unajua nilivyokuja. Nilipostaafu magereza nilibaki kugombana na wewe na kuku, mpaka Iddi akasema, "Mama, njoo upumzike." Viza yangu ni ya mzazi anayelelewa na mwanawe. Iddi ndiye aliyeandika kwamba atanilisha, atanilaza na kunilipia bima ya matibabu. Na alifanya, sitamnyima haki yake. Alininunulia koti linalofika miguuni, na siku ya theluji ya kwanza alipiga magoti akanifunga kamba za buti kama vile mimi ndiye mtoto. Niliona fahari siku ile, nikakuambia kwenye simu, ukafurahi.

Lakini siku moja mkwe wetu Rehema aliinua mkono kuchukua sukari kabatini, mkono wa gauni ukateremka, nikaona alama za vidole. Nimelinda wanawake gerezani ujana wangu wote. Siwezi kudanganywa kwamba ni mlango. Nilimwita Iddi jikoni nikamuuliza. Akasema ni mambo ya ndani ya ndoa. Nikamtandika kofi. Nikamwambia, "Wale wanawake wangu waliowaua waume zao, karibu wote simulizi yao ilianzia kwenye mkono kama huo." Akashika shavu, akacheka. "Mama, mkono wako bado mzito." Akatulia kwa muda, nami nikadhani kofi limefanya kazi.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nasonga ugali, watoto wako sebuleni wanatazama katuni, Rehema amesimama karibu nami anaongea na dada yake wa Singida kwenye simu, anacheka mpaka anajishika kiuno. Iddi akaingia kutoka kazini, kule kwenye maghala ya mizigo karibu na uwanja wa ndege. Rehema akakata simu ili ampakulie.

Iddi akamuuliza, "Mbona umeacha kucheka nilipoingia?"

"Nilikuwa naongea na dada."

"Basi cheka."

"Nicheke nini, Baba Salma?"

"Cheka kama ulivyokuwa unacheka."

Rehema maskini akajaribu. Akatoa kicheko kidogo, kikavu. Ndipo Iddi alipompiga ngumi. Taya nililisikia likivunjika, Baba Iddi, sikuambiwa. Rehema akaanguka kati ya jiko na friji, naye akamfuata kwa teke la mbavu, na jingine, na jingine, halafu akamkandamiza kwa goti kifuani na kumkaba koo kwa mikono yote miwili.

Nilikuwa na mwiko mkononi, ule wa mninga ulionichongea wewe. Nilimpiga nao begani, nikampiga shingoni, nikampiga sikioni mpaka sikio likachanika. Mwiko ukavunjika. Hakugeuka hata kunitazama. Nikamkaba kwa nyuma tulivyofundishwa kazini, akanitupa kwa kiwiko nikagonga kabati, na hapo ndipo bega langu lilipoharibika. Miguu ya Rehema ilikuwa inapiga sakafu kwa nguvu, kisha ikaanza kupiga polepole. Salma alikuwa amesimama mlangoni, amemziba Yusufu macho.

Hapo nikafungua vifungo vya gauni nikatoa ziwa. Ndiyo, nilifanya hivyo, na aliyekuambia hakusema uongo. Nikamwambia, "Iddi bin Omari! Kwa ziwa hili ulilonyonya, usipomwachia huyu mwanamke sina radhi nawe, si duniani si akhera!"

Akaachia. Alirudi nyuma kwa makalio mpaka ukutani, akajifunika macho asinione, akalia. Rehema akatapika damu na jino.

Jirani wa mlango wa pili alikuwa ameshaita polisi. Waliingia wawili, na walichokiona ni hiki: mwanamume anavuja damu sikioni na kulia, mwanamke yuko chini, na kikongwe amesimama ziwa nje, kishikio cha mwiko mkononi. Wakanitia pingu mimi. Yule polisi wa kike alikuwa binti mdogo, alizifunga kwa kulegeza mno, ningeweza kuzivua. Nilitaka kumsahihisha lakini Kiingereza chote kilinikimbia. Salma ndiye aliyewaeleza. Alisema yote bila kulia, wakanifungua, pingu zilezile wakamvisha baba yake. Binti polisi akaleta taulo kutoka bafuni akanifunika.

Sasa taya la Rehema limefungwa kwa waya. Anakunywa uji kwa mrija. Mbavu hazijaunga, hawezi kumwinua Yusufu wala sufuria ya maji. Mimi ndiye ninayewaogesha watoto, ninawapeleka shule, nasimama nao kituoni kwenye baridi inayokata masikio. Na kesi ikitajwa, mwenye mdomo wa kusema ni mimi tu.

Wazee wa jumuiya yetu walikuja kutoka mtaa wa Agincourt na sinia la pilau ili yaishe nyumbani. Niliwakaribisha vizuri, nikawapa chai. Mkubwa wao akasema aibu ya Mwislamu isianikwe kwa makafiri, na kwamba Iddi amejuta. Nikamuuliza, "Mzee wangu, pilau hili mmemletea nani? Mwenye nyumba hawezi kutafuna." Akasema, "Mama, mtoto akikunyea mkono huukati." Nikamjibu, "Sijaukata. Nauosha, na maji ni ya moto." Nikasimama nikawafungulia mlango. Pilau lilibaki, watoto wakala.

Iddi walimtoa kwa dhamana, akakaa kwa rafiki yake kule mtaa wa Weston, na akaamriwa asisogee karibu nasi. Akasogea. Tulikuwa tumemaliza chakula cha mchana, nikasikia mlango unapigwa mateke. Rehema akawakumbatia watoto wakajifungia bafuni. Nilidhani amekuja kummaliza. Kumbe alinifuata mimi.

"Mama, nirudishie radhi yangu! Sili, silali, hata usukani siwezi kuushika!"

Nikamwambia kupitia mlango, "Radhi yako ninayo hapa, sijaitupa. Nenda mbele ya hakimu ukaseme kwa kinywa chako ulichofanya. Usirudie uongo uliowaambia polisi, kwamba Rehema aliteleza kwenye maji."

"Nikisema nitafungwa."

"Najua."

"Mama, wewe unajua jela ilivyo!"

"Naijua kuliko wewe."

Akaanza kupiga kichwa mlangoni. Mlango wa huku ni wa chuma, Baba Iddi, na kila pigo nililipata kifuani. Nilishika kitasa. Nakuambia wewe peke yako: nilitaka kufungua. Nilitaka kukishika kichwa kile kwa mikono yangu kisipigwe tena. Na nyuma yangu, kule bafuni, namsikia Rehema anagumia kwa hofu kupitia meno yaliyofungwa waya. Sikufungua. Polisi walipomchukua nilitoka na ndoo nikaosha damu mlangoni na sakafuni, nikalia mpaka sauti ikakauka. Tangu siku ile yuko rumande.

Sasa nije kwenye viza. Muda wangu unakaribia kwisha, na ili uongezwe, Iddi aandike tena kwamba ananilea. Amenitumia salamu kupitia yule rafiki yake: ataandika nikifuta ushahidi. Ametaka tubadilishane, mwanao, kama watu wa mnadani. Nilimwambia rafiki yake ateremke ngazi kabla sijamteremsha.

Kuna mama wakili anayetusaidia. Amesema ipo njia nyingine, nayo ni kuomba nibaki kwa sababu ya watoto, kwamba wananitegemea mimi. Yaani niache kuwa mzazi anayelelewa, niwe bibi anayelea. Mwalimu wa Salma ameandika, na daktari wa Rehema ameandika. Wanaweza wakakataa, hilo hakunificha. Akaniuliza kama nimewahi kupatikana na hatia ya kumpiga mtu. Nikamwambia kupatikana, hapana. Alicheka, lakini kisa cha mwiko nikamweleza chote, naye akasema tukiandike.

Unasema mke ni wa watu, mtoto ndiye wetu. Haya, Salma na Yusufu ni wa nani? Nikipanda ndege leo, serikali itaona mama asiyeweza kuinua sufuria, itawachukua hawa watoto iwagawe kwa watu wasiowajua. Mwanao hakujifunza haya kwako, hilo namwambia kila mtu. Wewe ulijaribu mara moja tu, mwaka tuliooana, ukaswali wiki nzima na mkono kwenye bandeji. Ndiyo maana nashangaa leo ni wewe unayemtetea.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia hata wakili. Juzi Yusufu aligombana na dada yake juu ya rimoti. Akamkunjia ngumi, akampiga mdomoni. Salma akaanza kulia, na Yusufu, kitoto cha miaka mitano, akamsimamia akamwambia, "Cheka." Nililiacha sinia likaanguka. Nilimkamata, akanirushia mateke, akaning'ata mkono, nikaketi naye chini nikamfungua vidole kimoja kimoja mpaka mkono ukawa wazi. Akalala usingizi mapajani pangu huku bado ana kwikwi. Hiyo ndiyo kazi niliyobaki nayo duniani, na siwezi kuifanya kutoka Morogoro.

Kuhusu talaka, wewe ni mume, una ulimi wako. Ukiiandika mpe huyu dada aliyekuletea barua, ni mwaminifu. Lakini kama bado ni mume wangu, ninakuomba Iddi akikupigia kutoka rumande umwambie aseme kweli. Mimi amenisikia mara moja kwa kutishwa. Wewe huenda akakusikia kwa kukupenda. Nimechoka kuwa peke yangu kwenye hili, Omari. Nimechoka sana.

Msalimie mama mkwe wangu, mwambie sijasahau alivyonipokea nikiwa sina hata kanga ya pili. Msalimie mdogo wangu Asha wa Kihonda, aache kunitumia mawaidha ya subira, asubiri yeye. Mwalimu jirani yetu mpe pole ya msiba. Muuza kahawa mwambie ashike birika lake.

Jumatatu nasimama mahakamani. Wakili ameniandaa, amesema swali la kwanza wataniuliza mshtakiwa ni nani wangu. Nitawajibu ni mwanangu wa pekee, na nampenda. Halafu nitaeleza.

Mkeo, mpaka useme vingine,
Mama Iddi