Wananiita Profesa, Hisa Sizijui

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba unifichie jina, maana gazeti hili kazini kwetu linapita mikono yote. Mimi nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia mashuka cha hospitali, na wenzangu wananiita Profesa tangu siku nilipowaeleza habari za mfumuko wa bei, ambazo kusema kweli nilikuwa nimezisikia redioni asubuhi ile ile, basi jina likaninogea, nikanunua na miwani ambayo macho yangu hayaihitaji, na kila mwenye swali la fedha akawa anakuja kwangu nami namjibu. Sasa kikundi chetu cha akiba kimekua, watu wakasema tuache kuzilaza fedha benki, tuziwekeze, Profesa atuchagulie. Mama wa pasi akaniuliza mbele ya wote, "Kaka, hati fungani ni nini hasa?" Nikamwambia ni hisa zilizofungwa, hazifunguliwi mpaka kampuni itake. Akaitikia kwa kichwa, na mzee wa boila, yule anayetuchemshia maji ya kufulia na anayestaafu mwakani, akasema, "Hii ndiyo raha ya kuwa na msomi." Tangu hapo usingizi sina. Halafu shemeji yangu ana biashara ya mtandaoni anayosema inazidisha fedha kila mwezi, nilipomuuliza inauza nini akasema, "Hayo ya kiufundi, shemeji, wewe niletee watu tu," na akaniahidi changu cha pembeni, nami nashawishika kumpelekea kikundi. Kikao ni Jumamosi. Niwaambie nini ili heshima yangu isishuke?

Msomi wa Mashuka

Ndugu Msomi,

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali unapouliza wenzako watakuwaje fedha zikipotea. Sikupaona. Nimeona miwani, nimeona jina, nimeona heshima.

Nakuhurumia kidogo, kwani kusifiwa kunalevya. Lakini yule mama alikuuliza kitu chepesi. Hati fungani ni mkopo: unaikopesha serikali au kampuni, inakulipa riba, muda ukiisha inakurudishia fedha zako. Hisa ni kumiliki kipande cha kampuni. Ikipata unapata, ikianguka mnaanguka nayo. Ungeyajua haya kwa kuuliza tu, ila kuuliza kungekushusha cheo.

Shemeji yako achana naye. Biashara isiyouza kitu inakula fedha za wanaoingia nyuma, na wewe hapo nyuma unataka kumpanga mzee wa boila. Hicho cha pembeni kingetoka kwenye kiinua mgongo chake. Unalijua hilo, usijitie ujinga mwingine.

Jumamosi simama kabla ya wote, useme: "Nilichowaeleza kuhusu hati fungani si kweli. Sikujua, nikabuni." Usitafute maneno makubwa. Kisha kila mmoja aseme fedha zake atazihitaji lini, na hasara gani anaweza kuibeba. Anayestaafu mwakani hana sababu ya kukimbizana na bei za hisa. Kijana mwenye miaka ya kungoja anaweza. Wengine watapenda mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ambamo fedha za wengi husimamiwa na wenye leseni. Mwiteni mmoja wao aje aeleze, na leseni yake muihakiki kwa mamlaka iliyoitoa, msiitazame tai yake. Mpaka mama wa pasi aelewe vizuri, hata senti isitoke benki.

Watakucheka, na wana haki. Ukishasema, kaa chini, funga mdomo, na uwaache wenye fedha wachague.