Siku Baba Alipolala Tena Jukwaani

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Ukumbi wa Jamii.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu, na juu yake uweke za nyumba nzima. Hali zenu huko, wewe na wifi yangu na watoto? Mara ya mwisho ulisema kikohozi cha mdogo kimekataa kuondoka. Nijulishe kama kimeshika adabu, maana kila mtoto wa jirani akikohoa roho yangu inaruka huko kwenu. Sisi huku ni wazima. Magoti ya Shangazi ni yaleyale, na Baba anakula, analala, ananuna kidogo, yaani hajambo.

Nilitaka kukupigia simu, nikaona hapana. Habari hii ukiipata kwa simu, na mtandao wenyewe wa kukatikakatika, utaipata nusu, na nusu haitoshi.

Shangazi yetu amepewa tuzo. Usidhani ni kile cheti cha mtaa cha kubandika ukutani. Ni tuzo kubwa ya sanaa za jukwaa, ile ambayo kila mwaka tunawaona kwenye televisheni watu wa suti wakiipokea huku wakifuta machozi. Wamemtunuku kwa kukiongoza kikundi chetu cha maigizo miaka yote hii bila kukiacha kife. Walimwita mji mkuu akaipokee. Akawajibu kwamba iliyoheshimiwa ni kazi yake, magoti hayakutajwa, kwa hiyo kama wanamhitaji waje wao. Mimi nikajua basi, tuzo imeota mbawa. Kumbe walikubali. Wakasema watakuja siku ya maonyesho ya sanaa ya mtaa, ila wangependa kuona kipande cha mchezo wake wa zamani.

Naye, katika michezo yote aliyotunga, akachagua ule wa maiti mwenye masikio.

Najua umetabasamu. Nami nilitabasamu. Unakumbuka tulivyokuwa tukikaa sakafuni mbele kabisa, nyuma yetu mabenchi yakilia kila mtu mzima akijigeuza? Pazia lilikuwa mashuka yaliyoazimwa nyumba kwa nyumba, na wewe ulikuwa ukininong'oneza kwamba lile lenye kiraka ni letu. Kisha pazia linafunguka, na Baba yetu amekufa.

Watoto wako hawaujui mchezo huo, wasomee hapa. Mume mmoja anajifanya amekufa ili asikie watu watamsema vipi. Mkewe anagundua mapema, anakaa kimya, anabaki peke yake na maiti na kuanza kumweleza ukweli wote aliouweka moyoni tangu harusi. Mama ndiye aliyekuwa mke. Baba alikuwa kijana wa kutengeneza saa, hajui kuigiza wala hataki, ila Shangazi, dada mtu, alimkokota kwa nguvu zake akamwambia, kazi yako ni kulala tu. Walivyoanza mazoezi Mama alimsema yule maiti mpaka maiti akacheka. Huko ndiko tulikotoka mimi na wewe.

Tangu tumzike Mama, Baba hajakanyaga ukumbi ule. Unajua kwamba akienda dukani huzunguka njia ya nyuma ili asipite mlangoni pake. Shangazi alimsihi, akamnunia, mwishowe akamwacha. Ndugu wawili wanakula meza moja, na neno ukumbi halitajwi.

Sasa Shangazi akanijia na kuniambia, "Sehemu ya mama yako utaicheza wewe."

Nikamwambia mimi ni mwalimu wa hesabu.

"Ukali unao na sauti unayo," akasema. "Kilichobaki ni maneno, na hayo nitakupa."

Nilikataa kwa siku kadhaa. Sikuogopa watu, Kaka. Niliogopa kusimama pale aliposimama nikaonekana kivuli chake tu, na kumtonesha Baba kidonda. Lakini Shangazi alisema kama si mimi basi ataukata mchezo huo, wageni wapigiwe ngoma waende zao, na sauti yake iliposema hivyo ilikuwa ya mtu mzee. Nikakubali. Umaiti akapewa jirani yetu kinyozi, yule tunayemwita Wembe.

Nilikuwa nafanya mazoezi jikoni, mlango nimeurudishia, nikijua Baba yuko sebuleni na redio yake. Jioni moja nilifika pale mke anapomwambia marehemu, "Ulikoroma maisha yako yote, na kila nikikuamsha ulisema ni jirani." Nikalia kama mfiwa. Redio ikazimwa.

"Hapo hakuwa analia," Baba akasema kutoka sebuleni.

"Alikuwa anafuta vikombe vya wageni wa msiba. Ananisema huku anafuta. Ndiyo maana watu walicheka."

Redio ikawashwa tena. Sikuthubutu kutoka. Nilichukua kikombe na kitambaa, nikaanza upya, na ukweli ni kwamba maneno yalikaa mahali pake kama mfuniko na chungu chake.

Siku yenyewe ukumbi ulifurika. Wachoraji wa mtaa walitundika picha zao ukutani, wafinyanzi walipanga vyungu barazani, na kwaya ya wanawake ilikuwa imeshaimba hadi jasho. Wageni wa tuzo walikaa mstari wa mbele, wamenyooka kama watu waliokalia mayai. Mimi nyuma ya pazia nilikuwa nikihesabu vikombe vyangu. Wembe alishalala kwenye benchi, amefunikwa shuka, na kila mara shuka lilikohoa.

Mlango wa nyuma ukafunguka, Baba akaingia. Kavaa koti lake la kijivu, lile la shughuli. Hakuniangalia. Alikwenda moja kwa moja kwenye benchi akamfunua kinyozi uso.

"Inuka, ndugu yangu. Hapo ni mahali pangu."

"Mzee, lakini mimi ndiye niliyefanya mazoezi."

"Umefanya mazoezi ya kukohoa," Baba akasema. "Inuka."

Shangazi alikuwa amekaa pembeni na fimbo yake. Alimsogelea kaka yake, akamtengenezea shuka kifuani, akalinyoosha mikunjo kwa mkono taratibu sana, kisha akaashiria pazia lifunguliwe.

Kaka, nitakueleza kama ilivyokuwa. Nilifuta vikombe. Nilimwambia maiti habari za kukoroma, watu wakacheka. Nilimwambia alivyokuwa akisifia mapishi yangu mbele ya wageni, na wakiondoka tu anauliza nani kamwaga chumvi. Watu wakagonga mabenchi, hata wale wa mstari wa mbele wakalegea. Kisha nikafika pale pa mwisho, ambapo mke anasema kwa sauti ya chini kama anaongea na kikombe, "Lakini sasa nitagombana na nani? Nyumba isiyo na wa kugombana naye ni ghala tu. Nilikupenda, mzee wangu."

Niliinama kumfunika uso, kama mchezo unavyotaka. Macho yake yalikuwa yamefumba, na chozi limetoka kwenye kona ya jicho likateremka hadi sikioni. Ukumbini hakuna aliyeliona. Nililifuta kwa kitambaa kilekile cha vikombe.

Hapo maiti huinuka aseme neno lake moja la mchezo mzima. Hakuinuka. Nilidhani ameshindwa, nikawa natafuta maneno ya kuokoa jahazi. Ndipo akaketi polepole, akanitazama mimi, sijui kama ni mimi aliyekuwa akiniona, akasema, "Mke wangu, hilo la mwisho sikulisikia vizuri. Hebu rudia."

Nikarudia. Kicheko kilichopasuka pale, nadhani huko kwenu mlikisikia.

Tuzo yenyewe ni sanamu ya shaba, nzito, ya mtu aliyeinua mikono. Shangazi aliipokea akiwa ameketi. Walimpa kipaza sauti, akasema anawashukuru, kwamba wengi wa waliostahili kusimama naye hawapo, na kwamba kikundi kinapokea wanachama wapya kila Alhamisi. Akarudisha kipaza sauti. Sasa sanamu iko juu ya kabati la vyombo, na jamaa wa ukoo mzima wanapishana kupiga nayo picha.

Usiku ule chakula kilipoa mezani. Baba alizungumza juu ya Mama kama mtu aliyefunguliwa mfereji. Mengine hata Shangazi hakuyajua. Alisema siku alipocheka mazoezini Mama alimpiga kofi la kweli na kumwambia maiti hana meno. Shangazi alicheka mpaka akaomba maji. Pengo lako mezani lilionekana, Kaka. Njoo likizo ukiweza. Anayasimulia sasa, na mimi peke yangu siwezi kuyashika yote.

Alhamisi iliyopita nilirudi kutoka shuleni nikakuta kiti chake kitupu. Nikamtafuta dukani, hayupo. Nilipopita ukumbini nikasikia sauti yake ndani. Amewalaza vijana wa kikundi sakafuni safu nzima, anapita katikati yao mikono nyuma, anawaambia, "Maiti hajikuni. Wewe wa mwisho, umekufa au umelala?"

Sikuingia. Nilikaa barazani nikamsikiliza mpaka walipomaliza.

Shangazi anakusalimu sana, na anasema magoti yake yanakuulizia. Wembe anakusalimu, bado kanuna lakini kidogo tu. Mjomba na mkewe wanawasalimu. Msalimie wifi, uwabusu watoto kwa niaba yangu. Baba anasema ule vizuri, uvae nguo nzito. Mungu akufunike kwa rehema zake, akurudishe nyumbani salama.

Mimi dada yako, nikupendaye hata ukichelewa kujibu.