Michembe juu ya Vioo vya Jua

Jumanne, 14 Agosti 1979

Siku nne nimepima maji ya bustani kila saa kwa debe, na siku nne yamepungua. Jana nikamwandikia mhandisi wa Tabora kwamba pampu ya jua imeshindwa. Barua imeondoka leo asubuhi kwa treni, kutoka Igalula.

Mchana mke wangu akarudi kutoka bustanini anacheka. "Baba Shija, umeviangalia vile vioo vinavyokamata jua?"

"Mama yako hushinda pale. Mkwe nitamsogeleaje?"

"Basi ameanika michembe yake juu ya vioo. Anasema pana joto zuri, na mbuzi hawafiki."

Vipande vya viazi vitamu, siku nne. Nami kila nikimwona mama mkwe pale nageuza njia, kwa heshima. Mke wangu aliiondoa michembe, na saa tisa maji yakaja kama zamani.

Sikuweza kucheka. Mhandisi alisema wazi kwamba pampu ikishindwa hapa itahamishiwa kijiji kingine. Vitunguu vya shamba la ujamaa havitamaliza wiki bila maji, na mahindi ya mwaka huu hayakutosha.

Nimeandika barua ya pili. Mara mbili nilianza na "mama mmoja wa kijiji", mara mbili nikachana. Sasa inasema pampu ni nzima, na mimi ndiye ambaye sikwenda kuangalia.

Kesho alfajiri naipeleka Tabora mwenyewe kwa baiskeli. Nikikutana njiani na lori la mhandisi likija kuchukua pampu, nitasimama katikati ya barabara.