Injini Ndogo Iliyofika kwa Lori

Goma, 14 Juni 1956. Usiku wa baridi, ukungu ziwani.

Yaya Donat, kaka yangu mpendwa,

Injini uliyoiunda kwa mikono yako imefika nzima. Mama ameifunika kwa kitambaa chake cha misa. Maharage tumevuna, na dada Kanyere amejifungua binti.

Mchana niliiwasha uani. Polepole ilikwenda vizuri, lakini kila nilipoongeza mwendo ilikohoa moshi mweusi na kuzimika. Papa, ambaye hajakutaja tangu uache seminari, alicheka mlangoni: "Ni kama ule aliyeiunda! Unaisukuma mbele, inarudi nyuma."

Nikakumbuka somo la hewa. Injini uliipima huko Stanleyville, nchi ya chini. Huku juu hewa ni nyepesi, basi petroli ileile inazidi. Nilikaza sindano ya kabureta kidogo kidogo ili kupunguza petroli, nikijaribu kila mara, hadi mwendo ukapanda laini bila kukwama.

Papa akasogea. "Mutoto, niachie." Akaongeza mwendo, akapunguza, akaongeza tena, mpaka petroli ikaisha.

"Ni yeye mwenyewe aliiunda?"

"Ni yeye, Papa."

"Yote?"

"Yote."

Alijifuta mafuta kwenye shati lake safi. "Umuandikie Donat akuje Noeli. Padri, Mungu atajitafutia mwingine."

Njoo, yaya. Mama, ambaye tangu uondoke hulala usiku wa manane, leo amelala saa mbili za usiku, rozari haijafika nusu.

Mdogo wako akupendaye,
Marcelline