Sahani ya Tatu Kisiwani

Mama yangu mupenzi,

Jambo sana kutoka kisiwani. Huku joto ni mingi, na tangu asubuhi ziwa limenyamaza kabisa, hata ndege hawalii.

Tulipofika kwa fungate yetu, mama mpishi aliuliza: "Nyinyi iko watu ngapi?" Nikajibu mbio, kama kule kambini Nakivale kwa mulolongo ya kupewa bunga ya ugali: "Tuko batatu." Ni mazoea, Mama: wewe, mimi na dada yangu Faida. Tangu dada apotee njiani tukikimbia vita, ulikataa jina lake litoke kwa karatasi yetu ya chakula.

Bwana yangu alinicheka sana. Lakini mpishi alikuwa ameshaweka nje sahani tatu za matoke na samaki. Tukaenda kunawa mikono. Kurudi, sahani ya tatu ilikuwa tupu, na miiba ya samaki imepangwa kwa ukingo, mmoja mmoja, vile Faida alikuwa anaipangaka. Mpishi anaapa hakuna mutu aliyepita. Kwa mchanga kulikuwa nyayo zetu tu.

Bwana yangu hacheki tena.

Ulale vizuri leo, Mama. Kila jioni unaulizaka kama Faida amekula. Amekula.

Binti yako,
Neema