Mkono wa Yesu Kijijini Kwetu

Jumapili, 11 Agosti
Nimetajwa tena mimbarini! Mchungaji kasema anayetaka kuuona mkono wa Yesu kijijini hapa autazame mkono wa Meliame. Kanisa zima likaitikia amina, nami nimeinamia mkeka wangu wa kiunoni, vazi letu la ibada, uso unawaka. Laiti wangejua. Siku jirani yangu Kalolaine aliporudishwa kutoka hospitali, mguu mmoja umekatwa kwa sababu ya sukari, nilimpelekea supu ya samaki kwa kuwa ilizidi. Ilizidi tu! Sasa ni mwezi wa tano. Supu asubuhi, supu jioni, kumwogesha, kumfunga kidonda. Nampenda, sikatai. Lakini nimechoka, Bwana.

Jumatatu, 12 Agosti
Binti yangu Fusi kapiga simu kutoka Auckland. Mtoto kakaa vibaya tumboni, watampasua Jumamosi. Kalia sana. Kasema mtoto wa mwaka jana alimzika bila mimi mama yake, safari hii nije. Tiketi keshanunua — ndege ya Ijumaa, saa nne asubuhi. Nikasema naja, mwanangu. Kukata simu tu, nikamkumbuka jirani yangu. Kalolaine namwachia nani?

Jumanne, 13 Agosti
Nimekwenda kwa mama mchungaji kuomba akina mama wa kanisa wapokezane kumtunza Kalolaine. Wiki tatu tu, na wao wako ishirini na wawili! Kanishika mikono yote miwili, machozi yakamlengalenga. Ati hiyo ni karama yako, mpendwa, na karama haiazimwi. Kisha kaniombea. Muda mrefu! Nimetoka na baraka tele, msaada hakuna.

Jumatano, 14 Agosti
Nimewaendea mmoja mmoja. Huyu mgongo. Huyu mazoezi ya kwaya. Huyu ati hana moyo kama wangu. Moyo wangu! Wangeuona ulivyo mweusi leo.

Alhamisi, 15 Agosti
Kalolaine kajua. Nilikuwa namsuuza nywele, machozi yakanitoka, nikaropoka yote. Kanishika mkono, kausukuma kando. Halafu, "We mwanamke, mwanao anapasuliwa, nawe uko hapa unanisugua kichwa?" Nikamwambia nifanyeje, dada, nimeshakuwa mkono wa Yesu. Tumecheka mpaka beseni likamwagika! Kisha kasema kesho nisishangae. Mguu wamechukua, mdomo wamemwachia. Sikumwelewa.

Ijumaa, 16 Agosti
Saa mbili nimefika na supu ya mwisho, kumuaga. Nikamkuta mama mchungaji na wenzake watatu, wamekuja kumwombea. Ile kuingia tu, Kalolaine kapaza sauti — loo! "Toka! Supu yako maji ya kuoshea vyombo! Toka, mnafiki, usirudi tena! Nitafutieni mtu mwingine!" Na bakuli karusha, tui la supu linachuruzika ukutani. Mtaa mzima umesikia. Nikamtazama machoni, ndipo nikaelewa. Ananifungulia mlango, masikini. Anajipaka matope yeye ili mimi niende zangu. Miezi mitano nasifiwa wema, na sijawahi kutenda wa namna hii.

Nikakimbia nyumbani kuchukua begi. Wamenifuata! Wako sebuleni wote wanne. Mama mchungaji kasema nisimwache sasa, hata Yesu alitemewa mate, hili ndilo jaribu langu. Watanisindikiza hadi kitandani kwake tukapatane. Nikawaambia nina ndege. Kasema ndege zipo kila wiki, mpendwa. Wakaanza kuimba.

Nikasema nachukua mtandio. Nimejifungia chumbani, naandika haya haraka. Saa tatu kasoro. Teksi niliyoagiza iko nyuma ya nyumba, dereva anapiga honi. Kule sebuleni wamepandisha sauti.

Dirisha hili dogo, na nyonga zangu nazijua. Ng'ambo ya ua Kalolaine kajiburuta peke yake mpaka dirishani kwake. Sijui kafikaje! Kaniona. Ananionyesha kwa mikono: ruka, ruka! Na nani atamwogesha leo jioni, Mungu wangu? Hawa waimbaji? Fusi naye kanitumia ujumbe, anauliza kama nimeshapanda ndege.

Begi nimelisukuma nje. Wimbo umekwisha, wanagonga mlango. Mama mchungaji ananiita kwa upole. Kalolaine analia waziwazi sasa, na bado anapunga mkono —